Kipimo cha Afya ya Umma: Kinampima Nani?

Kila taarifa ya utekelezaji inayoletwa mbele ya vikao ina sura ya afya, na sura hiyo huanza kwa namna moja: zahanati kadhaa zimekamilika, vituo kadhaa vimepauliwa, magari ya wagonjwa kadhaa yamekabidhiwa. Wajumbe hupiga makofi. Hatuna ugomvi na makofi hayo. Lakini kila kipimo kina mwenyewe, na kada anayekipokea hana budi kuuliza kinampima nani na kwa faida ya nani. Hesabu ya majengo humpima mjenzi. Bado haijampima mgonjwa.

Tusieleweke vibaya. Kulikuwa na wakati ambapo kuhesabu majengo kulikuwa ndiyo siasa sahihi. Mkoloni aliacha hospitali mijini na penye mashamba ya wakubwa, na wakati wa Uhuru mwaka 1961 vituo vya afya vya vijijini havikuzidi sana 20 katika Tanganyika nzima. Baada ya Azimio la Arusha, na hasa tangu miaka ya mwanzo ya 1970, uamuzi ulifanywa wa kupeleka fedha vijijini badala ya kuzimaliza katika hospitali kubwa; kufikia 1980 vituo hivyo vilikuwa vimepita 200. Wakati huo mama mjamzito wa kijijini hakuwa na pa kwenda. Kilichokosekana ni jengo, kwa hiyo ilikuwa haki kupima kwa jengo. Na hata siku hizo jengo halikuwa kila kitu: kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwakusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio, wakajadili, kisha wakachimba vyoo na kufukia madimbwi.

Kipimo hicho kimebaki wakati hali imebadilika. Mpango wa Maendeleo wa Afya ya Msingi, MMAM, wa 2007 hadi 2017, ulilenga zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata. Tozo ya miamala ya simu iliyoanza Julai 2021 nayo ilielezwa kwa wananchi kwa lugha ya vituo vya afya vitakavyojengwa. Majengo yameongezeka kweli. Sasa tutazame yaliyotokea ndani yake.

Tafiti mbili za kitaifa za afya na idadi ya watu, ule wa 2015-16 na ule wa 2022, zinatupa jambo ambalo kada hapaswi kulipita haraka. Katika utafiti wa kwanza, akina mama 63 katika kila 100 walijifungulia katika vituo vya huduma. Katika wa pili wamefika 81. Haya ni maendeleo makubwa na ni matunda ya jasho la wananchi. Vifo vya watoto chini ya miaka mitano vilishuka kutoka 67 hadi 43 kwa kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai. Lakini vifo vya watoto wachanga, yaani wanaokufa kabla ya kutimiza mwezi mmoja, vilitoka 25 vikafika 24. Kwa hesabu za kitaalamu hiyo ni kusema havikusogea.

Hapa pana ukinzani, na ni lazima tuueleze. Mtoto wa mwaka mmoja au miwili huokolewa na chanjo, chandarua na dawa ya malaria: vitu ambavyo vikishafika hufanya kazi yake hata nyumbani kwa mkulima. Mtoto wa dakika moja haokolewi hivyo. Anayezaliwa bila kuhema anahitaji mkunga aliye macho saa nane za usiku, mwenye taa, mwenye kifaa cha kumpumulisha, na ambaye mikono yake haijasahau namna ya kukitumia. Njiti anahitaji joto, na mama yake anahitaji kufundishwa kumbeba kifuani ngozi kwa ngozi. Hakuna hata kimoja katika hivyo kinachoonekana siku ya kukata utepe. Nyaraka za Serikali yenyewe kwa miaka mingi zimekiri kwamba watumishi wa afya waliopo ni karibu nusu tu ya wanaotakiwa, na anayeumia kwanza kwa upungufu huo ni mwanakijiji, kwa sababu zahanati yenye muuguzi mmoja ni zahanati ambayo usiku imefungwa. Katika taarifa ya utekelezaji inahesabiwa kuwa moja, sawa na nyingine yoyote.

Kwamba hali inaweza kugeuzwa si ndoto. Kazi iliyofanywa katika hospitali na vituo 30 vya mikoa ya Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza, ambayo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2025, iliwahusu akina mama zaidi ya 280,000. Wakunga walifanya mazoezi mafupi ya mara kwa mara palepale kazini, wakapewa vifaa vinavyofaa, na takwimu za wodi yao walizijadili wao wenyewe. Vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vilipungua kwa asilimia 40 hivi, na vya akina mama kwa robo tatu. Makada wasome sehemu ile ya takwimu mara mbili: aliyehesabu ndiye aliyetumia hesabu.

Kwa kawaida mambo huenda kinyume. Muuguzi hujaza vitabu vya MTUHA, vitabu vingi kwelikweli, na jumla yake hupanda wilayani, mkoani hadi Wizarani. Namba ikishapanda hairudi. Kamati ya zahanati haiioni, mkutano mkuu wa kijiji hauisikii. Huu ndio urasimu katika sura yake ya kisasa, na kuhamishia takwimu kwenye kompyuta kumeuharakisha tu.

Upo pia ugonjwa wa kushangilia namba bila kuihoji. Vifo vya uzazi vilitajwa kuwa 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa 2015-16, na 104 katika ule wa 2022. Majukwaani 104 imekuwa wimbo. Lakini makadirio ya Umoja wa Mataifa kwa mwaka 2020 yalikuwa 238. Si kwamba mmoja anasema uongo. Tafiti hizi huwauliza watu habari za dada zao waliofariki katika miaka kadhaa iliyopita. Vifo vinavyopatikana katika sampuli ni vichache, na kwa hiyo makadirio huweza kuyumba sana. Mwelekeo ni wa kushuka, na tunaukubali kwa furaha. Ila taifa ambalo wengi wa wafu wake huzikwa bila kuandikishwa litaendelea kubishana juu ya namba hii. Kuandikisha kifo na sababu yake ni sehemu ya miundombinu ya afya kama ilivyo wodi, ingawa hatujaona kikao kikiulizia.

Na kipimo kizuri kisiposomwa hakimsaidii mtu. Februari 2016 Tanzania Bara ilikuwa ya kwanza duniani kujitolea kufanyiwa tathmini ya pamoja ya uwezo wa nchi kukabili milipuko, na ilikuwa heshima. Miaka minne baadaye, katika janga la korona, takwimu zilikoma kutangazwa zikiwa wagonjwa 509 na vifo 21, na wananchi wakakaa zaidi ya mwaka bila kuambiwa hali yao. Maabara zilikuwepo, wataalamu walikuwepo. Tarehe 21 Machi 2023 Serikali ilitangaza waziwazi ugonjwa wa Marburg mkoani Kagera. Waliougua walikuwa 9, wakafa 6, na Juni 2 mlipuko ukatangazwa kwisha. Wanaosema kwamba kutangaza namba huleta hofu wawaulize watu wa Kagera.

Tangu Mwalimu alipoandika Tujisahihishe mwaka 1962, kukosoana ni wajibu ndani ya Chama. Basi taarifa ya afya inayoletwa kwenye kikao cha kata ibadilishwe sura. Ianze na watoto wachanga waliokufa mwaka huo na sababu zao, ifuate idadi ya usiku ambao zahanati haikuwa na mtu, kisha siku ambazo dawa zilizoombwa Bohari ya Dawa hazikuwepo. Majengo yaandikwe ukurasa wa mwisho. Na kabla haijapelekwa wilayani isomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji, muuguzi akiwepo, ili akina mama waliojifungulia pale waseme kama ndivyo ilivyokuwa.