Daftari na Pengo Lake: Maoni juu ya Uchunguzi wa Hati za Kale katika Nyaraka za Taifa za Uingereza

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii twaifundisha shuleni kila mwaka, na watoto huikariri vizuri. Walakini kuna jambo moja ambalo methali haikulisema, nalo ndilo tutakalo kulitazama katika kurasa hizi: daftari lenyewe likipotezwa kwa makusudi, habari ya upotevu huo itaandikwa wapi, na nani atakayeiandika?

Swali hili latuhusu sana sisi walimu na mapadre, maana sisi ndio tulioingiza vijijini heshima ya karatasi. Mzee akisema, husikilizwa. Karatasi ikisema, huaminiwa. Mtu akija na neno lisiloandikwa, twamwuliza, "Cheti kiko wapi?" Basi yafaa tujue jinsi karatasi zinavyotunzwa katika nyumba kubwa za dunia, na ni nani anayeamua zichunguzwe vipi.

Tumechagua Nyaraka za Taifa za Uingereza, zilizoko Kew, pembeni mwa mji wa London. Kazi ya nyumba hiyo ilianza kwa sheria ya mwaka 1838; jengo la Kew lilifunguliwa mwaka 1977; na jina lake la sasa lilipatikana mwaka 2003, ofisi ya kumbukumbu za serikali ilipounganishwa na tume iliyokuwa ikishughulikia hati za kale zilizo mikononi mwa watu binafsi. Humo mna kitabu cha Domesday, kilichokusanywa mwaka 1086, na humo humo mna majalada ya makoloni yaliyokwisha. Tena nyumba hii haikutosheka na kutunza tu. Inao wataalamu wake wa kuchunguza, nayo imekubaliwa rasmi kuwa mahali pa utafiti kwa haki yake yenyewe, wala si ghala la kuhudumia vyuo vikuu tu.

Watu wengi hudhani kwamba mkuu wa uchunguzi katika nyumba kama hiyo ni mtu wa kufukua hati ya ajabu na kuionyesha kwa wageni. Sivyo. Kazi yake hasa ni kuchagua: ni lundo lipi lishughulikiwe kwanza, ni wataalamu gani waalikwe, fedha ziombwe kwa ajili ya nini, na ni maswali gani yapewe nafasi. Kwa hiyo kazi yake ni kazi ya hukumu, na kazi ya hukumu ni haki kuhukumiwa.

Tuanze na sifa, kwa kuwa sifa inastahili. Katika nyumba ile zimo hati zilizotwaliwa katika merikebu zilizotekwa vitani tangu karne ya 17 hata mwanzo wa karne ya 19. Nyingi ni barua zisizowahi kufika kwa wenyewe. Mwaka 2018 ilianzishwa kazi ya kuzipanga na kuzipiga picha pamoja na Chuo Kikuu cha Oldenburg cha Ujerumani, nayo imepangiwa miaka 20. Barua hazichunguzwi kwa maneno yake tu, bali hata jinsi zilivyokunjwa na kufungwa, kwa kuwa mkunjo nao ni habari. Miongoni mwa barua za vita vile zilikuwamo za mabaharia wa merikebu ya Kifaransa iitwayo Galatée, iliyotekwa mwaka 1758. Bwana Renaud Morieux wa Chuo Kikuu cha Cambridge alizifungua na kuzisoma, na matokeo yakatangazwa mwaka 2023: wake waliwaandikia waume zao, na mama mmoja alimnung'unikia mwanawe kwa kutomwandikia. Watu hao hawakuwa wakubwa wa dunia. Hata hivyo sauti zao zilitafutwa kwa subira na kusikilizwa kwa heshima. Huo ndio uchunguzi mwema, nasi twausifu bila kinyongo.

Lakini mtu akionyesha kwamba ajua kufanya jambo vizuri, hapo ndipo ana wajibu wa kulifanya vizuri kila mahali.

Kabla hatujalaumu, tuitazame elimu iliyowalea watunza nyaraka wa Uingereza. Mwalimu wao mkuu alikuwa Sir Hilary Jenkinson, aliyetoa kitabu chake cha kanuni za utunzaji mwaka 1922, kisha akawa mkuu wa ofisi ya kumbukumbu tangu mwaka 1947 hata 1954. Alifundisha kwamba hati za serikali hazina upendeleo, maana aliyeziandika alikuwa akifanya kazi ya siku ile, wala hakuwa akijitengenezea sifa mbele ya wajukuu. Kwa hiyo mtunzaji asichague wala asitupe; kazi ya kupunguza hati iachiwe ofisi iliyozitoa. Ni fundisho la unyenyekevu, na lina hekima yake. Lakini ndani yake limefichwa jambo la hatari: kama mtunzaji hachagui, basi mwenye kuchagua ni ofisa, na ofisa mwenye hofu atachagua kama mwenye hofu.

Hayo si maneno ya kubuni. Mwaka 1961 Iain Macleod, Waziri wa Makoloni, aliagiza kwamba serikali mpya zisikabidhiwe hati ziwezazo kuifedhehesha serikali ya Uingereza, wala polisi, askari, watumishi au watoa habari wake. Katika Kenya hati ziligawanywa mafungu mawili. Fungu moja liliruhusiwa kuachwa. La pili lilitiwa alama ya herufi W, na halikuruhusiwa kushikwa ila na ofisa aliye raia wa Kiingereza mwenye asili ya Ulaya. Jalada la siri likitolewa mahali pake, liliwekwa jingine la bandia ili pengo lisionekane. Zilizopaswa kuteketezwa zilichomwa mpaka zikawa majivu, na majivu yakavunjwavunjwa. Au zingeweza kutiwa katika masanduku yenye uzito na kuzamishwa mbali na pwani, penye maji ya kina yasiyo na mkondo. Zilizosalia zilisafirishwa kwenda Uingereza. Kenya ikapata uhuru tarehe 12 Desemba 1963, ikarithi makabati yaliyokwisha kupekuliwa.

Mwaka 1967 serikali ya Kenya iliomba kurudishiwa hati zake, ikakataliwa. Miaka ikapita. Mwaka 2009 wazee watano wa Kenya walipeleka madai mahakamani London, kwa mateso waliyoyapata katika makambi wakati wa Hali ya Hatari. Ushahidi wao ulikuwa miili yao na maneno yao. Hati zilipotakiwa, hazikuonekana, hata wanahistoria waliosaidia kesi, miongoni mwao Bwana David Anderson, wakashikilia kwamba lazima ziwepo. Mwezi Januari 2011 ikakiriwa kwamba zipo: zimewekwa Hanslope Park, katika nyumba ya serikali yenye ulinzi. Yalikuwa majalada zaidi ya 8,000 yaliyotoka katika makoloni 37, na ya Kenya peke yake yalikuwa yapata 1,500. Kati ya mwaka 2012 na 2013 yalihamishiwa Kew kwa mafungu na kufunguliwa kwa wasomaji. Mwezi Juni 2013 serikali ya Uingereza ilikiri mateso yale na kuyasikitikia, ikakubali kulipa paundi milioni 19.9, pamoja na gharama za kesi, kwa ajili ya watu 5,228.

Tusiionee nyumba ya Kew. Si yenyewe iliyoficha. Aliyeficha ni mwenye mali aliyekuwa hajaikabidhi. Lakini baada ya kukabidhiwa, swali limekuwa lake. Je, majalada haya ni fungu moja tu lililoongezwa katika rafu, au ni ushuhuda juu ya rafu zote? Sisi twaona ni la pili, na hapo ndipo lilipo lengo la maoni yetu. Mkuu wa uchunguzi akiwaalika wasomi waje kusoma yaliyosalia tu, atakuwa akimaliza kazi ya yule aliyechoma, maana aliyechoma alikusudia kwamba yaliyosalia ndiyo yasomwe.

Mtu atajibu, "Hati isiyokuwapo haiwezi kuchunguzwa." Jawabu hili ni jepesi kuliko kweli. Amri za kuteketeza zipo. Vyeti vya kuthibitisha kwamba hati zimeteketezwa vipo. Majalada yaliyopewa nambari kwa mfululizo huruka nambari. Barua iliyosalia hutaja barua nyingine isiyoonekana. Pengo nalo lina kingo zake, na kingo hizo zapimika. Yule aliyeweza kuchunguza mkunjo wa barua ya baharia hawezi kusema kwamba hana elimu ya kupima pengo.

Jambo la pili ni neno la mdomo. Mwaka 2005 Bibi Caroline Elkins alitoa kitabu juu ya makambi ya Kenya, ambamo alitegemea sana masimulizi ya watu waliookoka. Baadhi ya wasomi walimlaumu, wakiona kumbukumbu za wazee si msingi imara. Majalada yalipofunguliwa yalionyesha kwamba mateso yalijulikana na kujadiliwa na wakuu wa serikali ya koloni. Hatusemi kwamba mzee hakosei. Mzee hukosea tarehe, huchanganya majina, tena huhurumia nafsi yake kama sisi sote. Twasema tu kwamba karatasi nayo hukosea, na tena husema uongo. Tarehe 3 Machi 1959 watu 11 waliuawa kwa kipigo katika kambi ya Hola. Taarifa ya kwanza iliyotolewa kwa watu ilisema kwamba walikufa baada ya kunywa maji. Ilikuwa karatasi rasmi, imepigwa chapa vizuri. Kama isingefuatwa na uchunguzi wa vifo, nasi tungeifundisha darasani.

Jambo la tatu ni la lugha, nalo linalihusu jarida letu hasa. Majalada haya yametungwa na maofisa, na vichwa vyake ni maneno ya maofisa. Atafutaye habari za waliopigana msituni hana budi kutafuta kwa neno "Mau Mau", ijapokuwa wengi wao walijiita watu wa ardhi na uhuru. Jina la kijiji limeandikwa kama sikio la mgeni lilivyolisikia. Hivyo mjukuu wa aliyefungwa akileta jina la babu yake kama linavyotamkwa nyumbani, huenda asipate kitu, hali babu yumo. Asiyekuwapo na lake halipo. Na hapa yupo, lakini hana mtu wa kumtambua. Orodha ya majina ya mahali na ya watu, ikasahihishwa na wenye lugha, na kuwekwa kando ya orodha ya zamani bila kuifuta, ingefaa kuliko maonyesho kumi.

Kwa hiyo, tukipima, twasema hivi. Uongozi wa uchunguzi ule una ustadi mkubwa na umekosa uwiano. Tungeuona umetimia kama pengo lingeorodheshwa pamoja na mali. Kama masimulizi ya walionusurika yangewekwa kando ya majalada yasomwe pamoja. Na kama wasomi wa Nairobi, ambako Kenya ina nyumba yake ya nyaraka tangu mwaka 1965, wangekuwa wenye kuuliza maswali, si wageni wa kujaza fomu tu. Juu ya kurudisha hati zenyewe, twajua kwamba sheria ina maneno mengi. Lakini mwenye shamba asiyeweza kusoma hati ya shamba lake ila kwa nauli ya ndege na ruhusa ya ubalozi, hati hiyo bado haijafunguliwa kwake.

Hapa tungeweza kuweka kalamu chini, tukiwa tumewahukumu watu wa mbali. Haki haituruhusu.

Miaka mingi iliyopita tulikabidhiwa shule ndogo ya kijijini. Tulikuta sanduku la madaftari ya zamani: mahudhurio ya watoto, majina ya wazazi, habari za mwaka wa njaa. Mchwa walikuwa wameanza kuingia, nasi tulihitaji mahali pa kuweka vitabu vipya. Tukaamuru yachomwe, na wavulana wakafurahia moto. Baada ya muda alikuja mama mmoja mzee, akitaka kujua kama kaka yake, aliyeondoka akiwa mtoto asirudi tena, aliandikwa kwa jina la baba yao au la mjomba. Tulimjibu kwa utulivu wa kiofisi, "Hakuna maandishi, mama." Naye akaenda zake, akidhani kwamba kaka yake hakuandikwa kamwe. Hatukumwambia kwamba aliandikwa, wala kwamba ni sisi tuliochoma.

Jibu lile halikuwa uongo, wala halikuwa kweli. Ndilo jibu walilolipata wazee wa Kenya kwa miaka mingi, ila letu lilikuwa dogo na halikufika mahakamani.

Basi tunawasihi wenzetu waliokabidhiwa makabati ya parokia na ya shule: kabla ya kuchoma, andikeni. Na kama mmekwisha kuchoma kama sisi, andikeni hilo pia, kwa tarehe na kwa sababu yake, mkatie sahihi. Sisi tumefanya hivyo juzi katika ukurasa wa kwanza wa daftari jipya la shule ile. Mama yule amekwisha kufariki, wala ukurasa ule hautamfaa. Lakini atakayekuja kuuliza baada yake ataambiwa palikuwa na nini.