Gundi na Mkasi: Maoni juu ya Tamasha la Kolaji

Jina kolaji asili yake ni kitenzi cha Kifaransa coller, yaani kubandika kwa gundi. Mwenye kazi ya lugha hawezi kulipita jina hilo bila kusimama kidogo, maana lasifu nusu ya kazi na kuificha nusu ya pili. Kabla kipande hakijabandikwa, sharti kwanza kikatwe au kichanwe mahali pengine.

Nililifikiri jambo hili mwaka juzi katika tamasha dogo la sanaa hiyo, lililofanyika katika mji wa Marekani nilikosomea shahada ya udaktari. Matamasha ya namna hii si haba huko. Lile la New Orleans, lililoanza mwaka 2018, ni mashuhuri kuliko mengi. Hili letu lilikuwa la siku tatu, katika ukumbi mmoja wenye meza ndefu na marundo ya magazeti ya zamani ambayo kila mgeni aliruhusiwa kuyakata. Sikwenda kwa kuipenda sanaa. Nilimfuata mwenyeji wangu tu.

Waandalizi walituahidi mambo mawili, ilhamu na udugu. La udugu walilitimiza, tena upesi. Mtu akikosa rangi ya buluu, hutamka tu, na vipande vya buluu vikamjia kutoka kila upande wa meza. Sijapata kuona wageni wakizoeana hivyo katika mikutano yetu ya isimu, ambako kila mtu huja na karatasi yake na kuondoka nayo.

Lakini ilhamu haiufuati udugu kwa njia iliyonyooka. Katika mwaka 1963 wachoraji Weusi wa New York walianzisha chama kilichoitwa Spiral. Mwenzao Romare Bearden alipendekeza watengeneze kolaji moja kwa pamoja. Wenziwe hawakuvutiwa, naye akaendelea peke yake. Kazi alizoonyesha mwaka uliofuata ndizo zilizomtukuza. Chama kilimpa sababu ya kuanza, hakikumpa kazi yenyewe. Tena udugu nao una mkasi wake. Hannah Höch alionyesha kazi yake kubwa katika maonyesho ya Dada mjini Berlin mwaka 1920, na inasimuliwa kwamba wenzake wawili walitaka asishirikishwe kamwe. Kazi hiyo aliipa jina refu linalotaja wazi kisu cha jikoni. Yeye hakukificha chombo chake.

Sasa nieleze lililonipata. Kushotoni kwangu aliketi bibi mmoja wa makamo, mwenye mkono mwepesi sana. Alikuwa amekata pindo la kanga katika picha ya mwanamke wa pwani yetu, aliyesimama mlangoni pake. Bibi yule aliyadhani maandishi kuwa ni nakshi. Nikasoma: gazetini palibaki WEMA HAU, mkononi mwake palikuwa na OZI. Mkasi ulikuwa umepita baina ya kiambishi na mzizi, sawasawa kana kwamba umefunzwa sarufi. Upande mmoja palibaki kanusho lisilo na kitenzi. Upande wa pili palibaki uozo usio na wa kuukana, isipokuwa ile i ya mwisho, ambayo nayo ni alama ya ukanushi.

Nilimweleza kwamba hilo ni jina la kanga, na kwamba mwenye kuivaa huwa anamwambia mtu neno. Alinyamaza, kisha akauliza, "Alikuwa anamwambia nani?" Sikuwa na jibu. Aliyepiga picha hakuandika hata jina la mwanamke yule, sembuse la jirani yake.

Hapo ndipo ninapotofautiana na waandalizi. Udugu wao ulikuwa wa waliokaa mezani. Waliokuwamo magazetini hawakuhesabiwa. Wangechi Mutu, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1972, amelitambua jambo hili kwa kina. Hukata magazeti ya mitindo na picha za vitabu vya kale vya uganga wa Kizungu, akaunda miili ya wanawake ambayo maungio yake huonekana. Atazamaye hawezi kusahau kwamba kisu kimepita. Katika kazi zilizotundikwa ukumbini siku ya tatu, nyingi zilikuwa nzuri za kupendeza macho, kingo zimelainishwa, gundi imemaliza kila kitu. Nilizipita haraka.

Ya bibi yule sikuipita. Alikuwa amelibandika neno OZI peke yake katikati ya karatasi tupu, na kushotoni kwake ameacha nafasi yenye upana wa herufi tatu. Mwanamke wa mlangoni hakukatwa tena; ukurasa wake mzima, na pindo lake lililotoboka, ulitundikwa kando.