Kodi, Pango na Notisi Iliyotimia

Miongoni mwa tafsiri zilizoletwa kwetu ili zihakikiwe, imo barua ya kielelezo ya kumtaka mpangaji ahame. Lugha yake yapendeza, lakini sentensi moja imetukwaza: “Mwenye nyumba akipokea kodi, notisi imefutika.” Mfasiri amefungia mambo matatu katika kitenzi kimoja, na kosa hilo laweza kumpotezea mtu makazi au haki yake.

Kwanza, kabla notisi haijatimia, upangaji ungalipo. Pango la siku hizo ni deni halali, na kulipokea hakuitangui notisi.

Pili, notisi ikishatimia, upangaji umekwisha. Swali linalobaki ni kama pande mbili zimekusudia kuanza upangaji mpya. Mwaka 1949, katika shauri la Clarke na Grant, Mahakama ya Rufani ya Uingereza iliona kuwa pango lililopokewa kwa kukosea baada ya notisi kutimia halikuleta upangaji mpya. Nchini Kenya, kifungu cha 60 cha Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 chaeleza kuwa kupokea pango baada ya upangaji kwisha si kuridhia mpangaji abaki. Lakini likiendelea kupokewa kwa miezi miwili, upangaji wa mwezi hadi mwezi huhesabiwa kuwa umeanza.

Tatu, mpangaji avunjapo sharti la mkataba, na mwenye nyumba, hali akijua, akapokea pango la siku za baadaye, sheria ya Kiingereza humhesabu kuwa ameiacha haki ya kukatisha mkataba kwa kosa lile.

Kwa hiyo twapendekeza: *kuondoa notisi* kwa makubaliano ya pande mbili, *kuanzisha upangaji mpya* kwa jambo la pili, na *kuachilia kosa* kwa la tatu. Kadhalika, ingawa wengi husema “kodi ya nyumba”, nasi hatuwalaumu, katika hati *pango* lafaa zaidi, maana *kodi* hutozwa na Serikali pia.

Karani aandikaye stakabadhi naye ajihadhari. Baada ya notisi kutimia, “kodi ya mwezi” yaweza kusomwa kama ushahidi wa upangaji mpya. “Malipo ya ukaaji, bila kuathiri notisi” yaeleza kusudi la mpokeaji. Hata hivyo, maneno hayo peke yake hayazuii hesabu ya miezi miwili.

Wasomaji wenye istilahi bora zaidi wanakaribishwa kutuandikia.