"Ukimaliza tendo, kojoa": ushauri wa UTI tunaourudia bila kuupima

Kuna orodha moja ambayo karibu kila mwanamke aliyewahi kuugua UTI anaijua kwa ghibu. Kunywa maji mengi. Ukimaliza tendo la ndoa, kojoa. Jipanguse kutoka mbele kwenda nyuma. Vaa chupi ya pamba. Usibane mkojo. Utaisikia kwenye vipindi vya afya vya redio, utaikuta ukutani zahanati, na utatumiwa kwenye magrupu ya WhatsApp. Imerudiwa mno mpaka hakuna anayeuliza: hivi, imewahi kupimwa?

Leo naisoma orodha hii kama tunavyosoma makala yoyote ya kisayansi, dai moja baada ya jingine. Na nikiisoma namfikiria mgonjwa mmoja: mwanamke ambaye siku moja au mbili baada ya kujamiiana mkojo unaanza kuchoma, tumbo la chini linauma, anakimbilia chooni kila mara na kutoa matone tu. Anatibiwa, anapona, inarudi. Orodha ameifuata yote. Lakini kila ikirudi anaulizwa kama anajisafisha vizuri, na nyumbani mwenza wake anauliza swali baya zaidi: umeitoa wapi?

Tendo linahusikaje?

Tuanze na kile ambacho orodha inapatia. Tendo la ndoa linahusika kweli. Bakteria anayeongoza kwa kusababisha UTI ni E. coli, ambaye tunaishi naye wote kwenye utumbo. Mrija wa mkojo wa mwanamke una urefu wa sentimita 4 hivi (wa mwanaume ni kama sentimita 20), na tundu lake liko jirani na uke na njia ya haja kubwa. Msuguano wa tendo unawasogeza bakteria hao kwenye mrija, na wakifika kwenye kibofu wanajishikiza ukutani na kuzaliana.

Mwaka 1996 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti wa wanawake vijana 796 nchini Marekani waliofuatiliwa kwa muda. Mambo yaliyojitokeza wazi kuongeza hatari ni kujamiiana siku za karibuni, kutumia diaframu pamoja na jeli ya kuua mbegu za kiume, na kuwa na historia ya UTI za kujirudia. Angalia ambacho hakimo humo: uchafu.

Hii ina maana kubwa kwa yule mwanamke wetu. Kwa kawaida bakteria wanaomsumbua wanatoka kwenye mwili wake mwenyewe. UTI ya kawaida ya kibofu si ugonjwa wa zinaa, na kurudi kwake si ushahidi wa usaliti wa mtu yeyote.

Kojoa, jipanguse, vaa pamba

Sasa tufike kwenye amri zenyewe. Watafiti wamelinganisha wanawake wenye UTI za kujirudia na wasiokuwa nazo, wakauliza nani anakojoa baada ya tendo, nani anajipangusaje, nani anabana mkojo. Tofauti ya maana haikuonekana. Kilichowatofautisha ni mambo kama idadi ya mara wanazojamiiana, kupata UTI ya kwanza kabla ya kufika miaka 15, na kuwa na mama aliyewahi kuugua UTI. Yaani, kwa sehemu fulani, ni maumbile.

Je, uache kukojoa baada ya tendo? Hapana. Haigharimu kitu na haina madhara, na tafiti za kulinganisha namna hii haziwezi kufunga mjadala peke yake. Tatizo langu ni nafasi ambayo ushauri huu umepewa. Ukiwekwa juu kabisa ya orodha kama vile ndiyo kinga yenyewe, anayeugua tena anaonekana ni mzembe. Wengine wanaongeza juhudi: wanaosha ndani ya uke kwa sabuni au dawa za kuua vijidudu. Hapo ndipo madhara yanapoingia, maana wanawaua laktobasili, bakteria wanaolinda uke kwa kutengeneza asidi. Ushauri wa usafi umezaa tabia inayodhoofisha ulinzi wa mwili.

Maji: hapa orodha ina hoja, ila haina kipimo

Kuhusu maji kuna utafiti mzuri. Mwaka 2018 yalitoka matokeo ya jaribio la wanawake 140 nchini Bulgaria, wote wenye UTI za kujirudia na waliokuwa wakinywa chini ya lita 1.5 kwa siku. Nusu waliongezewa lita 1.5 kila siku kwa mwaka mzima. Walioongezewa waliugua kwa wastani mara 1.7, wenzao mara 3.2.

Ni tofauti kubwa, lakini tusome na maandishi madogo. Jaribio lilifadhiliwa na Danone, kampuni inayouza maji ya chupa. Pia washiriki walikuwa watu wanaokunywa maji kidogo. Kama tayari unakunywa lita tatu, utafiti huu haukuahidi chochote. "Kunywa maji mengi" bila kusema mengi kiasi gani, na kwa nani, ni nusu ya ushauri.

Kuhusu vidonge vinavyouzwa kama tiba asilia, matokeo yamegawanyika. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2023, yaliyojumlisha tafiti 50, yaliona kwamba bidhaa za kranberi zinapunguza hatari kwa kiasi cha robo hivi kwa wanawake wenye UTI za kujirudia. Sukari iitwayo D-mannose haikufua dafu: jaribio la Uingereza la wanawake 598, lililochapishwa mwaka 2024, halikuona faida.

Ambayo orodha inayaruka

Soma tena orodha. Kila kipengele ni amri kwa mwanamke: kunywa, kojoa, jipanguse, vaa. Hakuna hata kimoja kinachoielekeza zahanati au maabara. Huo ndio upungufu wake mkubwa.

La kwanza ni kipimo. Kwetu mkojo ukionekana na "seli za usaha" chache, jibu ni UTI na dawa inaandikwa. Lakini seli hizo zinaweza kutoka kwenye majimaji ya ukeni. Kwa mtu anayeugua mara mbili ndani ya miezi 6, au mara tatu ndani ya mwaka, kinachotakiwa ni kuotesha mkojo: maabara inakuza bakteria, inamtambua ni nani, kisha inajaribu dawa ipi inamuua. Mradi wa HATUA uliowapima wagonjwa wenye dalili za UTI Kenya, Tanzania na Uganda ulikuta kwamba wengi wao, mkojo ulipooteshwa, hawakuthibitika kuwa na maambukizi. Na kwa waliothibitika, usugu kwa makundi kadhaa ya antibayotiki ulikuwa juu. Kwa hiyo kuna watu wanameza dawa wasizozihitaji, na kuna wengine wanameza zisizofanya kazi. Wote wanaambiwa wana "UTI sugu".

La pili ni magonjwa yanayofanana na UTI. Klamidia, kisonono na trikomonasi vinachoma mkojo, na hivi mwenza naye lazima atibiwe. Kichocho cha mkojo nacho kipo Kanda ya Ziwa, maeneo ya pwani na Pemba. Mayai ya minyoo yake yanakwama kwenye kibofu na kwenye via vya uzazi, yakaleta damu kwenye mkojo, maumivu wakati wa tendo, hata damu baada ya tendo. Dawa yake ni prazikwanteli. Antibayotiki hata ungemeza mwaka mzima haitamgusa mnyoo huyo. Na kama mkojo ukioteshwa mara kwa mara hauna kitu, huenda tatizo ni maumivu ya kibofu yasiyo ya maambukizi, ambayo yana matibabu yake.

La tatu ni jeli ya kuua mbegu. Inawaua laktobasili pia, na baadhi ya kondomu zimepakwa dawa hiyo. Usiache kondomu, tafuta isiyo nayo.

La nne ni kinga ya kuandikiwa na daktari, ambayo orodha haitaji kabisa. Mwaka 1990 wanawake 27 walipewa ama kidonge cha kotrimoksazoli dozi ndogo au kidonge kisicho na dawa, wameze baada ya kila tendo. Waliopata dawa waliugua kwa wastani mara 0.3 kwa mwaka, wengine mara 3.6. Utafiti ni mdogo na wa zamani, na kwa usugu wa leo huwezi kuchagua dawa hiyo kwa kukisia, ndiyo maana kuotesha kunatangulia. Ipo pia methenamini, ambayo si antibayotiki. Jaribio la Uingereza la wanawake 240 lililochapishwa mwaka 2022 liliona matokeo yake si duni kuliko kumeza antibayotiki kila siku. Kwa waliokoma hedhi, estrojeni ya kupaka ukeni ilishusha wastani kutoka mara 5.9 hadi 0.5 kwa mwaka katika utafiti wa 1993.

Kwa hiyo tuandikeje?

Sisemi mabango yabanduliwe. Nasema yaandikwe upya na wanaosoma ushahidi. Mstari wa kwanza uwe: si kosa lako, na si lazima iwe imetoka nje ya ndoa. Wa pili: ikirudi, omba mkojo uoteshwe kabla ya dawa nyingine. Wa tatu: ongeza maji kama unakunywa chini ya lita moja na nusu. Wa nne: muulize daktari kuhusu kinga ya baada ya tendo, na mtajie kama uliwahi kuoga au kufua ziwani, mtoni au bwawani. Kukojoa baada ya tendo kubaki, lakini kushuke chini ya karatasi.

Na mstari mmoja usikose, kwa herufi kubwa: ukiwa na homa, maumivu ya mgongo upande wa mbavu, kutapika, au ukiwa mjamzito, usisubiri wala usipitie duka la dawa. Nenda hospitali siku hiyohiyo, kwa sababu maambukizi yanaweza kuwa yameshapanda kwenye figo.