Bilinganya la Mkaani: Uzito Utoke Wapi?

Mtu akianza kupunguza wanga huambiwa mara moja aache ugali, wali na chapati. Hayo huyamudu. Kinachomshinda ni saa kumi na moja jioni, mkono unapotafuta kitu cha kutafuna na cha kuchovya. Wengi hukimbilia humus kwa sifa yake ya kuwa chakula cha afya, lakini humus ni dengu, na gramu 100 za dengu zilizochemshwa zina wanga wa gramu 27 hivi. Bilinganya bichi la uzito huo huo lina gramu 6 tu, na karibu nusu yake ni nyuzinyuzi. Ndiyo maana mutabal, rojo la bilinganya na ufuta linaloliwa sana Lebanoni, Syria na Palestina, linamfaa zaidi mtu wa dayati. Sharti litengenezwe sawasawa.

Tatizo lake ni maji na hewa. Zaidi ya asilimia 90 ya bilinganya ni maji, na nyama yake ina matundu ya hewa kama sponji. Likate vipande ulitie kwenye karai, litakunywa mafuta yote, nawe utaongeza mengine. Kijiko kikubwa cha mafuta, yawe ya zeituni au ya alizeti, ni kalori 120 hivi. Wanga hujaugusa, na dayati imeshaharibika.

Mkaa unalimaliza hilo. Bilinganya huchomwa zima na ganda lake, limetobolewa kwa uma mara mbili tatu lisije likapasuka. Joto huvunja kuta za yale matundu, nalo likanywea. Wengi huliepua ganda likishakuwa jeusi, na hapo ndipo wanapokosea. Bonyeza karibu na kikonyo: sehemu hiyo huiva mwisho. Ikiwa bado ngumu, lirudishe, la sivyo utapata vipande vigumu na uchungu mdomoni. Oveni nayo huivisha vizuri, ila haina moshi, na kwangu mimi moshi ni nusu ya chakula hiki.

Hatua inayorukwa sana ni ya baada ya kumenya. Nyama iwekwe kwenye chujio pamoja na chumvi kidogo, ikae nusu saa, uone maji ya kahawia yanavyochuruzika. (Usilioshe bilinganya bombani kwa kuogopa masizi, moshi wote utakwenda na maji.) Likikauka hivi linakuwa zito lenyewe. Lisipokauka, mpishi hulazimika kuongeza ufuta ili rojo lishikane, na karibu nusu ya ufuta ni mafuta. Kijiko kikubwa cha ufuta uliosagwa ni kalori 90 hivi. Vijiko 2 vinatosha mabilinganya 2 yenye jumla ya gramu 600.

Ufuta si lazima uwe wa kopo. Wa Lindi na Mtwara upo sokoni. Ukaange mkavu kwa moto mdogo, uuepue ukianza kunukia, kabla haujawa kahawia, kisha usage mpaka utoe mafuta. Kitunguu saumu kilichotwangwa kikae kwanza ndani ya maji ya ndimu dakika 10, maana asidi huzuia kimeng'enya kinacholeta ule ukali. Ukimimina ndimu hiyo kwenye ufuta, ufuta utakaza ghafla. Hapo mkono hukimbilia chupa ya mafuta. Uzuie. Tia maji baridi, kijiko kimoja kimoja, ufuta utalainika na kuwa mweupe bila kuongeza hata kalori moja. Bilinganya liponde kwa uma. Blenda hulifanya uji.

Malizia na kijiko 1 cha mafuta ya zeituni juu. Bakuli zima halifiki kalori 500, nalo linatosha watu wanne.

Chovya kwa tango, pilipili hoho au figili. Aliyekula rojo hili kwa chapati mbili amekula chapati mbili, asililaumu bilinganya. Na kama unatumia insulini au vidonge vya kushusha sukari, muone daktari kabla ya kupunguza wanga, kwa sababu dozi uliyoizoea inaweza kukushushia sukari kupita kiasi.