"Hakuna Ishara": Uhakiki wa Istilahi za Hitilafu za Kiwambo

Kazi ya kuipatia kompyuta lugha yetu imekwisha kupiga hatua. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za kazi za ofisi zenye maelezo ya Kiswahili. Hata hivyo, yatupasa kukiri kwamba sisi wanaistilahi tumeshughulikia zaidi majina ya vifaa, tukasahau majina ya maradhi yake. Katika makala haya tunauhakiki upungufu huo kwa kutazama kifaa kimoja tu, yaani kiwambo.

Tuchukue mfano wa Kibirizi, mwalo ulio kaskazini ya mji wa Kigoma, zinakoondokea boti za kwenda Gombe. Karani wa hapo akikuta kiwambo cheusi husema, "Kioo kimekufa." Kauli hiyo moja hufunika hitilafu nne zilizo mbalimbali. Kwanza, taa ndogo ya kiwambo haiwaki: umeme haukifikii. Pili, taa inawaka na maneno "hakuna ishara" yanatokea: waya wa picha umelegea, au kompyuta haitoi picha. Tatu, picha ipo lakini imo gizani. Ukiimulika kwa kurunzi kwa upande utaiona kwa mbali, maana taa ya nyuma ndiyo iliyozimika. Nne, kompyuta imepeleka picha ya kipimo ambacho kiwambo hakikimudu.

Lawama yetu kubwa ni juu ya maneno "hakuna ishara". Kwa msemaji wa kawaida, ishara ni dalili ya jambo, au tendo la mkono la kumwita mtu. Asomapo maneno hayo hudhani kifaa hakina dalili ya uhai. Kumbe maana yake ni kinyume: kiwambo kilichoweza kuandika maneno hayo kinatangaza uzima wake! Matokeo yake mtu hununua kiwambo kingine, akakiunga kwa waya ule ule, akasoma maneno yale yale.

Hatuikatai "ishara" katika vitabu vya uhandisi. Lakini juu ya kiwambo tungependekeza "picha haijafika". Wako watakaosema hiyo ni sentensi, wala si istilahi. Tunawajibu kwamba ujumbe wa mashine husomwa na mwenye shida, si na mtunga kamusi. Na mwenye shida anahitaji kujua atazame wapi. Mvuvi aliyezoea karabai haitupi ziwani ikizimika. Hutazama mafuta, pampu na utambi, kwa sababu kila sehemu ina jina na kila ubovu una dalili yake.

"Kioo" nacho kina mzigo mkubwa: ni cha dirisha, cha kujitazamia na cha simu. "Kiwambo", kutokana na kitenzi "wamba", kina nafasi bora. Lakini tusidharau maneno ya mafundi. Wananchi walipoona vitone vikichezacheza katika televisheni waliviita "chenga", kama chenga za mchele, na hakuna aliyehitaji kufafanuliwa.

Kwa hiyo tunashauri kwamba kabla ya kusanifu istilahi yoyote ya hitilafu, tuketi kwanza na fundi, tumsikilize anavyomweleza mteja wake. Istilahi isiyomwonyesha mtu pa kuanzia haijamaliza kazi yake.