Jina Tukufu Katika Mabango ya Mihadhara

Kila Ramadhani tunayaona mabango ya mihadhara yaliyopambwa kwa aya za Qur'ani na jina la Allah (S.W.). Mhadhara ukishapita, mvua huyabandua, yakakanyagwa njiani. Nia ya watengenezaji ni njema. Tunachokikosoa ni njia. Imam An-Nawawi (aliyefariki mwaka 676 Hijria) ameeleza katika At-Tibyan kwamba katika madhehebu yetu ya Shafi'i ni makuruhu kunakshi kuta na nguo kwa Qur'ani na majina ya Allah. Ikiwa hiyo ndiyo hukumu ya ukuta unaodumu, basi karatasi itakayotupwa ni awla zaidi kuepushwa.

Badala yake ipo, nayo ni nakshi ya handasa. Katika karne ya 4 Hijria, Abul-Wafa Al-Buzjani wa Baghdad aliandika kitabu cha handasa wanayoihitaji mafundi. Kwa bikari na rula, duara hugawanywa sehemu nane, miraba miwili ikapishana ndani yake, ikatoka nyota ya pembe nane. Hamna sura ya chenye roho, wala herufi tukufu.

Hata hivyo, anayenakili kuta za Alhambra, Granada, na achunguze: kati ya nakshi zake limerudiwa mara nyingi tamko "Wa la ghaliba illa Llah". Akilichukua bila kulisoma, amerudi kule kule alikokimbia. Tena asiitandaze nakshi nyuma ya maandishi hata tarehe isisomeke. Nyota moja yatosha, na jina la mhadhara likae katikati yake.

Wabillahi tawfiq.